Usingizi wa Pono, na Mengine Tunayodhani Kuhusu Wanyama Wakilala

Alfajiri moja pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, nilisimama mbele ya meza ya mvuvi mmoja, nikimtazama pono wa kijani na buluu, mdomo wake mgumu kama wa kasuku. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Huyu ni wa usiku huu huu. Ukimkuta kwenye matumbawe usiku unamchuma tu kama embe, hana habari." Kijana aliyekuwa akipaa samaki pembeni akadakia: samaki atalalaje na macho yake yako wazi? Mzee akatabasamu, akanifungia pono wangu. Swali la kijana limebaki nami, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Dhana: samaki halali, maana macho yake hayafungi.

Samaki wengi hawana kope, basi. Jicho siyo kipimo cha usingizi. Wataalamu huangalia mambo mengine: je, mnyama ametulia? Anachelewa kushtuka ukimsogelea? Ukimsumbua vya kutosha anaamka? Na akinyimwa usingizi leo, kesho anaufidia? Hili la mwisho naliona zito kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba usingizi ni deni, na mwili unalidai.

Kwa pono, wazee wetu wa pwani walikuwa wamekwisha kutoa jibu. Mtu asiyeamshika tunasema amelala usingizi wa pono, na hatujakosea hata kidogo. Jua likizama, pono hujipenyeza kwenye upenyo wa matumbawe. Wengine wao hutoa ute kwenye tezi zilizo karibu na matamvua, ute ukatanda taratibu mpaka ukamfunika mwili mzima, mfuko mwembamba ambao ukimulika tochi unamwona samaki ndani. Kuujenga kunaweza kuchukua karibu saa nzima, na kila usiku huanza upya. Kwa muda mrefu watu walidhani mfuko ule humzuia mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, asinuse windo lake. Kisha watafiti huko Australia wakawaondolea baadhi ya pono mifuko yao na kuwaweka pamoja na wadudu wadogo wa baharini wanaonyonya damu. Waliokosa mfuko wakashambuliwa kuliko wenzao waliofunikwa. Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa mara mbili: pono analala kwenye chandarua.

Dhana: asiye na ubongo hana cha kupumzisha.

Konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ukimgusa, hana ubongo, ana mtandao wa neva tu. Hata hivyo mwaka 2017 watafiti Marekani walionyesha kwamba aina moja ya konyeza, anayekaa chali kwenye sakafu ya maji, hupunguza mapigo ya mwili wake usiku na huchelewa kuitikia anaposumbuliwa. Walipomkosesha usingizi kwa kumrushia maji usiku, kesho yake alizubaa. Kwa hiyo huenda usingizi ulitangulia ubongo duniani, na kila nikilifikiria hilo naona tumezoea kuanzia hadithi hii katikati.

Dhana: mnyama mkubwa huchoka zaidi, hivyo hulala zaidi.

Tembo wawili majike, viongozi wa makundi yao, walifungwa vipimo huko Chobe, Botswana. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walilala wastani wa saa 2 tu kwa siku, mara nyingi wakiwa wamesimama, na walijilaza chini kila baada ya siku 3 au 4. Kuna nyakati walikesha hadi saa 46, wakitembea mbali usiku kucha. Kwa upande mwingine, kuna popo mdogo wa Amerika Kaskazini aliyepimwa akiwa kizuizini akalala karibu saa 20. Tembo anakula majani na magome yasiyo na nguvu nyingi, kwa hiyo siku yake yote inaishia mdomoni. Popo yule anakula wadudu, na nje ya saa zao za kuruka hana cha kutafuta.

Ushahidi unaonigusa zaidi, kwamba maisha ya mnyama ndiyo hupanga usingizi wake, unatoka Mexico. Kuna samaki wa aina moja walioishi mtoni, na baadhi yao wakaingia mapangoni kwenye giza na chakula haba. Vizazi kwa vizazi, wale wa mapangoni wakapoteza macho, na usingizi wao ukapungua sana. Jambo hilo limeonekana kwenye mapango zaidi ya moja. Ni mageuko unayoweza kuyaweka kwenye tangi mbili na kuyalinganisha.

Dhana: aliyelala amezimika wote.

Pomboo lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo hulaza nusu moja ya ubongo huku nyingine ikikesha, kisha hubadilishana zamu. Bata waliopangwa mstari katika utafiti wa mwaka 1999 walifanya jambo la aina hiyo: wale wa pembeni kabisa waliacha wazi jicho la upande wa nje, upande ambao adui angetokea. Na frigeti, ndege wa baharini wa visiwa vya Galapagos, anaweza kukaa angani siku nyingi mfululizo. Walipompima walikuta hulala akiruka, dakika 42 tu kwa siku kwa wastani. Akirudi nchi kavu hulala zaidi ya saa 12.

Dhana: kabla ya umeme, binadamu walilala tangu magharibi hadi alfajiri.

Hapa jibu liko nchini kwetu. Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi wanaoishi bila umeme, walipimwa pamoja na jamii nyingine za Namibia na Bolivia, matokeo yakatolewa mwaka 2015: usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na kwa wastani usingizi uliwachukua zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama. Sokwe, ndugu yetu wa karibu, hulala zaidi yetu.

Katika utafiti mwingine, uliotolewa miaka miwili baadaye, watafiti waliwafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20. Katika usiku wa siku zote hizo, muda ambao watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wenye umri mkubwa waliwahi kulala na kuwahi kuamka, na hakuna aliyepangiwa zamu. Kambi ilipata walinzi bila kuwateua.

Bibi yangu wa Mbagala huamka saa 9 usiku. Tulikuwa tunasema ni ugonjwa wa uzee, tukamtafutia dawa. Siku hizi nikilala kwake nasikia kandambili zake ukumbini, anagusa komeo la mlango, anafunika mtungi, anachungulia chumba cha wajukuu, nami nageuka upande wa pili nalala tena.