Zipu katika uchoraji dhahania: mstari wa wima una kazi gani?

Zipu ni mstari mwembamba wa wima unaoshuka kutoka ukingo wa juu wa turubai hadi wa chini, ukiwa na rangi tofauti na ile iliyoujaza uwanja, yaani eneo lote la picha lililobaki. Jina hilo limetoka kwa Barnett Newman, mchoraji wa New York.

Mambo yalianza mwaka 1948. Newman alichukua turubai ndogo, haifiki sentimita 70 kwa urefu, akaipaka rangi ya damu ya mzee. Katikati akabandika utepe wa karatasi wenye gundi, ule ambao mafundi rangi hulindia kingo, akajaribia juu yake wekundu unaoelekea chungwa. Utepe huo ulikuwa wa kubanduliwa. Akauacha. Ukiisogelea picha hiyo, Onement I, unaona rangi imepakwa kwa mkono mzito na kingo hazikunyooka. Alikaa nayo miezi kadhaa akiitafakari kabla ya kuendelea.

Wengi hudhani zipu huigawa picha. Mimi naona huiunganisha. Uwanja wa rangi moja tupu hauna pa kushika jicho. Ukisimamisha mstari mmoja, wekundu unapata kushoto na kulia, unapata upana. Kwa nini wima? Kwa sababu ukiulaza tu, mtazamaji ataona upeo wa bahari, na hapo udhahania, yaani uchoraji usioiga kitu halisi, umekwisha.

Picha nyingine ya Newman, Vir Heroicus Sublimis (1950–51), ina upana wa mita 5.4 na zipu tano juu ya uwanja mwekundu. Mstari mweupe hukurukia machoni. Mwingine karibu umezwe na uwanja. Wekundu ni uleule, lakini kando ya kila zipu unaonekana tofauti kidogo. Mkemia Mfaransa Chevreul alishaeleza jambo hilo mwaka 1839 baada ya kuchunguza nyuzi za rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja hubadili sura ya mwenzake. Katika maonyesho ya 1951 Newman alibandika tangazo kuwaomba watu wasimame karibu.

Si kila mstari wa wima ni zipu, lakini. Mchoraji Gene Davis wa Washington alijaza turubai nzima kwa mistari myembamba yenye upana sawa, hakuna uwanja wala kiini. Ushauri wake kwa watazamaji ulikuwa rahisi: chagua rangi moja, uifuate inavyojirudia picha nzima.