Mgeni wa begi mgongoni: tunayoyadhania Mwanza na yaliyo kweli

Vijana wanaozunguka nchi na begi mgongoni hupita Mwanza wakitokea Kampala au Nairobi, au wakielekea Serengeti, maana geti la Ndabaka ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka mjini. Baadhi yao hulala siku mbili tatu kwa familia, Nyakato, Isamilo au Pasiansi, badala ya kwenda hotelini. Kukaribisha tunajua, hilo halina ubishi. Ila yapo tunayoyaamini kuhusu wageni hawa ambayo si kweli, na moja linaweza kumuumiza mtu.

"Tumeoga ziwani tangu utotoni, mbona hatujafa?" Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Jua likiwaka watoto wa nyumbani wanamvuta mgeni ufukweni, naye anaingia maji ya magotini, karibu na magugu, akidhani huko ndiko salama. Kumbe hapo ndipo konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho wanapopenda kukaa. Vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu, bila jeraha na bila mtu kunywa maji. Sisi wenyewe tunaugua; ndiyo maana watoto wetu hupewa dawa shuleni. Tofauti ni kwamba mgeni huanza kuumwa wiki kadhaa baadaye, akiwa kwao, mbele ya daktari ambaye huenda hajawahi kukiona kichocho.

Kwa hiyo mwambie waziwazi asiingie. Kama ameshaingia, aende hospitali akapime na amtajie daktari Ziwa Victoria kwa jina. Asikimbilie kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku hiyohiyo, kwani haiui minyoo michanga ya ugonjwa huo. Kwa kawaida hungoja wiki sita hadi nane, isipokuwa akianza kuumwa kabla ya hapo. Na kama nyumbani mnaoga maji ya kuchota ziwani, yachemsheni kwanza. Malaria nayo ni hivyohivyo: hana kinga kama ya mtu mzima aliyekulia huku. Chandarua ni lazima, na homa yoyote akishaondoka asiipuuze.

"Chakula chetu hatakiweza." Basi mama anakopa dukani mayai, soseji na soda, wakati mgeni alikuja kula mnachokula. Mpe kisu na sato mbichi pale nje penye bomba, umwonyeshe kupara magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani. Yatamrukia mpaka kwenye nywele, watoto watacheka, naye atacheka. Ugali wa muhogo atauona mzito mara ya kwanza. Mwachie amege kidogokidogo. Asubuhi matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na chai yanatosha kabisa. La muhimu ni kumuuliza kabla kama kuna chakula kinachomdhuru, na kumwekea maji yaliyochemshwa.

"Mzungu ana hela." Wengi wao wamedunduliza muda mrefu, na akiba hiyo inagawanywa kwa miezi ya safari. Kama mnataka achangie, tajeni kiasi jioni ya kwanza, kabla hajafungua begi. Kinachoharibu undugu ni bei inayoibuka asubuhi ya kuondoka.

"Mwanza ni pa kupitia tu." Hapana jamani! Kutoka Capripoint boti inakufikisha kisiwa cha Saanane kwa dakika chache, na hiyo ni hifadhi ya taifa ndani ya jiji. Kisesa kuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na alfajiri kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba dagaa wanashushwa gunia kwa gunia. Siku mbili hazitoshi.

"Analala siku mbili, mtaa wa nini?" Mpeleke kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa siku anayofika, na pasipoti yake. Ni dakika tano. Akipotea usiku kwenye vichochoro vya mlimani Isamilo, atakayemwona atajua amrudishe mlango gani.