Je, wajua chaneli sita zinatosha kumulika jukwaa zima?

Wengi wanaokabidhiwa meza ndogo ya taa, yaani ile yenye vitelezi vya kupandisha na kushusha mwanga, huanza na hesabu hii: nina chaneli sita, basi nina taa sita. Jukwaa huharibikia hapo, hata kabla waigizaji hawajavaa. Chaneli si taa. Chaneli ni uamuzi, yaani kitu kimoja unachoweza kukipandisha au kukishusha peke yake bila kugusa kingine. Taa nne ambazo mchezo mzima zitapanda pamoja na kushuka pamoja ni uamuzi mmoja, kwa hiyo chaneli moja inazitosha.

Basi kabla ya kupanda ngazi, soma mchezo ukiwa na kalamu. Weka alama kila mahali mwanga unapobadilika: asubuhi inageuka jioni, watu wawili wanateta kwenye kona, mmoja anabaki peke yake kitini. Kitu kinachobadilika peke yake ndicho kinachodai chaneli yake. Kisichobadilika hakidai chochote, hata kiwe na taa kumi.

Mpaka wako ni umeme. Dima, kile kifaa kinachopunguza na kuongeza umeme unaokwenda kwenye taa, kama ni ya ampea 10 kwenye volti 230 hubeba wati 2,300. Taa nne za wati 500 zinaingia, ya tano haiingii. Ukiilazimisha, fyuzi itavumilia mazoezi yote kisha ikatike siku ya onyesho, kwenye maombolezo.

Sasa uso wa mwigizaji. Stanley McCandless, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliandika mwaka 1932 mbinu inayofundishwa mpaka leo: gawa jukwaa katika maeneo, na kila eneo ulimulike kwa taa mbili za mbele, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikiwa imeinama na kukaa pembeni kwa nyuzi 45 hivi. Moja iwe na rangi ya joto, nyingine ya ubaridi. Taa moja iliyokabili uso moja kwa moja huufanya bapa kama sahani, na ya upande mmoja huacha nusu ya uso gizani. Mbili huupa uso pua na mashavu yake.

Ukiifuata mbinu hiyo neno kwa neno, maeneo sita yanakula chaneli 12, na mgongo wa mwigizaji bado haujapata kitu. Wewe una nusu yake. Kwa hiyo punguza maeneo yawe matatu, kushoto, katikati na kulia, na kila jozi ya taa uiunganishe kwenye chaneli moja. Hapo umetumia chaneli tatu kwa taa sita. Hakikisha miali ya maeneo jirani inapandana, la sivyo mwigizaji akitembea atatumbukia kwenye shimo la giza kila hatua ya nne. Chaneli ya nne iendeshe taa tatu za nyuma zenye rangi ya buluu, ya tano iendeshe taa nyingine tatu za nyuma zenye rangi ya kaharabu. Ya sita ibaki na taa moja maalumu, ya yule anayebaki peke yake kitini. Jumla ni taa 13 kwenye chaneli sita.

Kuna kilichopotea, nacho ni kikubwa. Joto na ubaridi wa mbele vimefungwa pamoja, huwezi kuvitenganisha. Ungeweza kufanya kinyume: taa zote za mbele zenye joto chaneli moja, zote zenye ubaridi chaneli nyingine. Ungepata asubuhi na usiku, lakini ungepoteza kona ya wanaoteta. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi mchezo ukikaa chumba kimoja kuanzia alfajiri hadi usiku, nachagua rangi. Ukirukaruka kutoka mahali hadi mahali, nachagua maeneo.

Nisichokubali ni kukata taa za nyuma, ingawa ndizo hukatwa kwanza kwa kuwa hazimuliki uso. Bila mwanga mabegani, mwigizaji hugandana na pazia lililo nyuma yake. Kichujio cha buluu nzito hupitisha sehemu ndogo tu ya mwanga, ndiyo maana taa moja haiitoshi. Na kama taa zako ni zile za waya unaowaka, zikishushwa nusu huwa na rangi ya machungwa zenyewe. Hiyo ni jioni ya bure.

Taa za LED je? Mfumo wa DMX512, unaopeleka amri za meza hadi kwenye taa na uliotoka mwaka 1986, hupitisha chaneli 512 kwenye kebo moja, lakini taa ya nyekundu, kijani na buluu mara nyingi hula chaneli tatu peke yake. Ujanja ni kuzipa taa kadhaa anwani ileile, yaani namba ya chaneli ambayo taa huanza kuisikiliza: taa nne, chaneli zilezile tatu, na zote hugeuka rangi kwa pamoja. Kwa mwanga wa nyuma hilo si tatizo hata kidogo.

Imebaki taa ile maalumu. Usiifunge mpaka uone mazoezi, kwa sababu kiti kitahamishwa, kitahamishwa tu. Wala usizime zote ili yenyewe ionekane. Shusha nyingine polepole hadi theluthi, jicho lizoee, nayo itang'aa kama imeongezewa nguvu. Kama sehemu ya pili ya mchezo inahitaji taa ya mlangoni badala ya ya kiti, subiri mapumziko, zima dima, chomoa plagi moja na uchomeke nyingine. Chaneli ni ileile ya sita, na watazamaji wako nje wananyoosha miguu.