Torchwood haidai uijue Doctor Who yote

Imezoeleka kusemwa kwamba huwezi kuielewa Torchwood, tamthilia ya TV iliyochipuka kutoka Doctor Who na kuanza BBC Three Oktoba 2006, mpaka uwe umetazama Doctor Who, tamthilia ya sayansi ya kubuni ya Uingereza, tangu ile ya 1963. Si kweli. Karibu kila inachokopa kimetoka misimu ya 2005 hadi 2007.

Ufa wa Cardiff, mpasuko wa wakati na anga ambao Torchwood huulinda, ulionekana kwanza katika sehemu ya Doctor Who iitwayo "The Unquiet Dead". Jack Harkness, kiongozi wa kikosi cha Torchwood, aliingia na "The Empty Child", kisha katika "The Parting of the Ways" akauawa na Dalek (kiumbe adui kutoka sayari nyingine), akafufuliwa asiweze kufa tena. Ule mkono ndani ya chupa anaoutunza Jack ni wa Doctor mwenyewe, shujaa wa Doctor Who. Ulikatwa kwenye "The Christmas Invasion". Na bila "Doomsday", kisa cha Ianto, mmoja wa kikosi cha Jack, na mpenzi wake Lisa kinabaki nusu, maana humo ndimo tawi la Torchwood la London, walikofanya kazi, lilipoangamia.

Watazamaji hasa hukwama hapa: msimu wa kwanza unaisha Jack ametoweka, wa pili unaanza amerudi, maelezo haba. Pengo hilo linajazwa na sehemu 3 za Doctor Who kuanzia "Utopia". Zitazame katikati ya misimu hiyo. Children of Earth, msimu wa tatu wa Torchwood wa 2009, sehemu 5 tu, karibu inajitegemea kabisa, nayo ndiyo bora kuliko zote.