Ile asilimia kwenye skrini ya buluu si matengenezo

"Fundi, ilikwama kwenye asilimia ishirini, nikaizima." Hapa Darajani nayasikia haya kwa mhasibu, kwa mwenye duka, mpaka kwa meneja wa hoteli ya Nungwi. Kisha mtu huyohuyo anataka nimwambie mashine yake imeanguka kwa sababu gani.

Skrini ya buluu hutokea Windows inapoanguka, na chini yake namba ya asilimia inapanda. Wengi wanaamini ile namba ni Windows inajitengeneza, au imeganda. Hakuna kinachotengenezwa. Kerneli, yaani moyo wa Windows, imeshasimama, na kazi iliyobaki ni kumwaga yaliyomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) yaende kwenye diski, ili baadaye mtu asome kilichotokea. Nakala hiyo ndiyo tunayoiita dampu. Mfumo wa faili wakati huo hauaminiki tena, kwa hiyo halitengenezwi faili jipya. Data inaandikwa moja kwa moja kwenye nafasi iliyokwishatengwa ya pagefile.sys, faili ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM. Mashine ikiwaka tena ndipo inapohamishwa na kuwa C:\Windows\MEMORY.DMP. Maana yake unaweza kuiharibu dampu mara mbili: ukishikilia kitufe kabla ya 100, na ukizima tena kwa kuwa "inawaka polepole". Mwenye RAM kubwa na diski ya zamani ya kuzunguka atasubiri dakika kadhaa. Nenda kanywe urojo, urudi.

Na nyinyi mliofuta pagefile.sys kwa kufuata video ya mtandaoni, eti laptopu iwe nyepesi: dampu itaandikwa wapi? Iacheni Windows iisimamie yenyewe kwenye diski C. Mashine inayoanguka ikifika mezani kwangu, hilo ndilo la kwanza kuliangalia.

La umeme ni fupi. Umeme ukikatika ghafla hakuna dampu, usiitafute. Kerneli haikupata nafasi ya kuandika chochote. Kwenye kumbukumbu za matukio (Event Viewer) utakuta tukio Kernel-Power 41 yenye BugcheckCode 0, yaani mashine ilizimika bila kuandika msimbo wa kosa. Hapo anza na UPS, betri na adapta, draiva (programu zinazoendesha vifaa) ziache kwanza.

"Piga tu Windows upya." Jamani! Ukifomati umefuta ushahidi wote, na kama kosa ni RAM, mashine itaanguka tena wiki ijayo. Nakili MEMORY.DMP pembeni mapema, maana kwa kawaida anguko linalofuata huandika juu yake.

Jina la faili linalotokea kwenye skrini nalo si hukumu. Draiva moja huchafua kumbukumbu ikaondoka zake, nyingine ikaja kuangukia hapo. Ndiyo maana ntoskrnl.exe, faili la kerneli yenyewe, inasingiziwa kila siku. Fungua dampu kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kusomea dampu, andika !analyze -v, usome zaidi ya dampu moja. Zikitaja makosa tofauti kila mara, mimi napima RAM kwanza.

Wenye seva za Linux: kusakinisha kdump, chombo cha Linux cha kuandika dampu, peke yake hakutoshi. Bila crashkernel= (inayotenga RAM) kwenye amri za kuwashia, na kuristati baada yake, kerneli ya pili, ile inayoandika dampu, haina pa kukaa, na /var/crash itabaki tupu.

Mwisho, dampu kamili si picha ya harusi ya kurushwa kwenye grupu la WhatsApp. Ndani yake mna chochote kilichokuwamo kwenye RAM: nywila, barua, pengine pasipoti za wageni wa hoteli. Nileteeni kwa flashi, tena anzeni na zile ndogo za kwenye folda ya Minidump. Mara nyingi zinatosha.