Ritani ya sufuri si ya kila asiyedaiwa ushuru

Juni ikikaribia kwisha, saiba zote za Kenya hujaa watu wenye ombi lilelile: "Nifanyie nil tu, mimi sidaiwi na KRA." Nil ndiyo ritani ya sufuri, na KRA ni mamlaka ya ushuru ya Kenya. Kijana wa kompyuta haulizi swali. Anaingia iTax, mtandao wa KRA wa kutuma ritani, anabofya mara mbili tatu, anachapisha risiti, anaita anayefuata. Nimeisikia kauli hiyo hata kwa watu wanaofanya kazi ofisini, na inaniudhi kwa sababu inawatia hasarani watu waaminifu.

Ritani ni taarifa ya mapato yako ya mwaka mzima, na kwa mtu binafsi mwisho wake ni 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ritani ya sufuri ni ya mwenye PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, ambaye hakupata mapato yoyote mwaka huo, kama mwanafunzi aliyechukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB.

Sufuri inayotajwa hapo ni ya mapato, wala si ya ushuru. Chukua mlinzi anayelipwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Kiwango cha kwanza cha PAYE, ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara, ni asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu ya kibinafsi inayopunguzwa kwenye ushuru huo ni 2,400 vilevile. Kwa hiyo hakatwi PAYE hata shilingi. Lakini amepata shilingi 288,000 kwa mwaka, na mwajiri wake amekuwa akiziripoti KRA mwezi baada ya mwezi. Akituma nil, ametamka rasmi kwamba hakupata kitu. Alichotakiwa kufanya ni kuchukua P9 yake, fomu ya mshahara na makato ya mwaka, kwa mwajiri na kujaza takwimu zilizomo, kisha hesabu ije yenyewe kwenye sufuri.

Anayekatwa PAYE naye husema, "Mwajiri alishanilipia, ritani ya nini tena?" PAYE ni malipo. Ritani ni maelezo ya malipo hayo, pamoja na mapato mengine ambayo mwajiri hayajui: nyumba uliyopangisha kijijini, kazi ya ushauri uliyoifanya wikendi. Katika kazi kama hiyo ya ushauri, mteja mara nyingi hukukata asilimia 5 ya ushuru wa zuio, yaani ushuru unaokatwa kabla hujalipwa. Pesa hiyo ni yako, inapunguza ushuru wako wa mwaka. Ukituma nil, umeiacha ipotee.

Kwa wafanyabiashara wadogo hali ni mbaya zaidi. Mwenye mauzo yasiyofika milioni moja kwa mwaka hayumo kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, na wengi wanadhani basi hawamo popote. Wamo kwenye ushuru wa kawaida wa mapato. Na mwaka ambao duka limekula hasara, ritani yake bado si nil: ni ritani yenye mauzo, gharama na hasara. Hasara iliyoandikwa hupunguza faida ya miaka inayofuata. Isiyoandikwa haikumbukwi na yeyote.

Hapo ndipo anapojitenga mtayarishaji ritani wa kweli na mbofyaji. Wakala wa ushuru mwenye leseni huanza kwa maswali: uliajiriwa wapi, uliuza nini, nani alikukata, risiti ziko wapi. Asipokuuliza lolote, hajatayarisha ritani. Na hata akikosea, jina lililo kwenye ritani ni lako, na KRA itakutafuta wewe.

Kwa hiyo, ukifika zamu yako, usianze na neno nil. Mwambie anayekuhudumia ulipata nini mwaka uliopita, hata kama ni kidogo. Na ikiwa mwaka jana ilitumwa nil kwa jina lako ilhali ulikuwa na mshahara, iTax inaruhusu kurekebisha ritani iliyokwishatumwa. Itafute P9 ya mwaka huo, uirekebishe mwenyewe kabla KRA haijakuandikia.