Sukari haizai minyoo

Mtoto wa Mabatini, mtaa wa Mwanza, akionekana anatafuna muwa, hakosi shangazi wa kumwonya: "Utapata minyoo wewe!" Muwa umeonewa. Tatizo ni tope lililougusa, na vidole vinavyoushika.

Mnyoo mviringo wa tumboni, askarisi, huanzia kwenye yai. Jike mmoja hutaga takriban mayai 200,000 kwa siku, nayo hutoka na choo kikubwa. Mvua ikiteremka kwenye miamba ya Mwanza na vyoo vikafurika, mayai husambaa hadi bustani za mchicha. Ganda lake lina tabaka kadhaa, gumu kiasi cha kudumu udongoni kwa miaka. (Yai bichi haliambukizi, huhitaji wiki 2 hivi au zaidi kukomaa.)

Yai lililokomaa likimezwa, kiluwiluwi (mnyoo mchanga) hutoboa utumbo, hupita ini hadi mapafuni, hukoholewa, kisha humezwa tena. Akirudi utumboni ndipo hukua, hata kufikia sentimita 35. Ajabu yake, hana kulabu wala kinyonyeo cha kujishikilia. Ana midomo mitatu midogo tu. Utumbo ukisukuma chakula chini, yeye hujipinda na kuogelea kwenda juu, siku nzima. Hameng'enywi kwa sababu ngozi yake ni ngumu, tena hutoa kemikali zinazozuia vimeng'enya vyetu, yaani kemikali za mwili za kusaga chakula.

Muwa uoshwe, umenywe kwa mikono safi, mtoto ale.